INJINI IKILALA NA PETROLI TUMBONI HUAMKA INAUMWA

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, katika mji wetu wa Shinyanga hatuna ziwa. Tuna vumbi, tuna pamba na mpunga, na tuna uwanja wetu wa Kambarage. Lakini ukikaa kijiweni na walimu, makarani, wauza madini na wastaafu wa mji huu, utashangaa ni wangapi wenye boti ziwani. Mmoja ana mtumbwi Nkome, mwingine ana injini Chato, wa tatu ameungana na mdogo wake kule Sengerema. Mwenye mali yuko mjini, mali iko majini, na kati yao kuna simu ya mkononi. Na simu hiyo mara nyingi huleta habari moja tu: "Mashine imegoma, tuma hela."

Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nina nusu ya injini ya nguvu-farasi 15 kule Nkome, mkoani Geita. Nusu nyingine ni ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye anayeishi na boti. Mwaka huu boti yetu ilikaa nchi kavu miezi miwili ikibadilishwa mbao zilizooza. Injini ikafunguliwa, ikafunikwa gunia, ikalazwa stoo. Siku ya kurudi majini iliwaka kwa mvuto wa tatu wa kamba, na vijana wakashangilia.

Furaha haikufika jioni. Ukivuta resi, boti ilikimbia kama kawaida. Ukipunguza ili kutega nyavu au kuingia mwaloni, injini ilitetemeka, ikakohoa, ikazima. Fundi wa mwaloni akaja na bisibisi, akakaza skrubu inayopandisha mzunguko, akalipwa, akaondoka. Kweli injini haikuzima tena. Lakini jioni hiyo kijana mmoja alikuwa amesimama mbele na kamba mkononi, nahodha akaingiza gia wakati mashine inazunguka kwa kasi isiyostahili, boti ikaruka kama mbuzi, na kijana akatumbukia ziwani. Alijua kuogelea, tunashukuru Mungu. Koti la kujiokolea hakuwa nalo.

Siku mbili baadaye ikazima tena, safari hii upepo ukivuma kutoka ziwani. Boti isiyo na injini hugeuzwa na upepo ikapokea mawimbi ubavuni. Waliokoka kwa kuchota maji kwa dumu lililokatwa, wakipokezana, mpaka mtumbwi mwingine ulipowavuta. Ndipo simu ikaja: "Shemeji, fundi anasema kabureta imekufa, tununue mpya." Bei aliyonitajia ilikuwa bei ya kuuza ng'ombe.

Nikamwambia, "Shemeji, usiuze ng'ombe bado, nakuja." Jumamosi nikapanda basi la Mwanza, nikavuka lile daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, nikapita Sengerema na Geita mjini, jioni nikawa Nkome. Huko nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi, ambaye sasa anashona nyavu chini ya mti. Hakuigusa injini. Aliuliza swali moja tu: "Mara ya mwisho, kabla ya kuiweka stoo, mliizimaje?"

Tukatazamana. Tuliizima kama kila siku. Tulibonyeza kitufe, basi.

Mzee akatikisa kichwa. "Basi ugonjwa haukuanza siku mlipoiwasha," akasema. "Ulianza siku ile mlipoizima." Msikilizaji, sentensi hiyo ndiyo mazungumzo yangu yote ya leo. Yanayobaki ni maelezo.

Injini ya kupachika nyuma ya boti ina asili ya nchi za baridi. Mmoja wa walioieneza duniani ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani katika jimbo la Wisconsin, ambaye alianza kuziuza mwaka 1909. Huko maziwa huganda barafu kila mwaka. Kwa hiyo wenye boti wana mila yao: kabla ya baridi injini huoshwa, humwagwa mafuta, hutiwa oili na kulazwa kwa heshima, baridi ikiisha huamshwa kwa utaratibu. Sisi tulipokea injini bila kupokea mila ya kuilaza, kwa sababu hatuna baridi ya kutulazimisha.

Lakini injini zetu nazo hulala. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haina kazi, na boti hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Kuna matengenezo, kuna msiba, kuna kukosa hela ya mafuta. Na kule Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024 ili samaki wazaliane. Hiyo ni miezi mitatu, usingizi mrefu wa kutosha kuharibu injini iliyolazwa vibaya.

Sasa, ni nini hasa kinachoharibika? Petroli tunaiona kama kitu kimoja, kumbe ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Vile vyepesi hupaa haraka. Ndiyo harufu inayokupiga puani unapofungua dumu. Vinavyobaki huwa vizito, na muda ukipita hugeuka utomvu wa kahawia unaonata. Injini zetu nyingi ni zile ambazo mafundi huziita tu-stroki, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, kwa hiyo oili nayo hubaki na kuongeza unene.

Mahali pa kwanza kuugua ni kabureta. Ndani yake mna kibakuli kidogo cha petroli. Hewa inapopita kooni mwa kabureta huinyonya petroli ile kupitia vitundu viwili vya shaba ambavyo mafundi huviita jeti. Jeti kubwa hulisha injini inapokimbia. Jeti ndogo, ambayo tundu lake ni kama la sindano, hulisha injini inapozunguka polepole, hali ambayo mafundi wetu huiita sailensi. Kibakuli kikiachwa na petroli kwa wiki kadhaa katika joto letu, utomvu huziba tundu dogo kwanza, kubwa likabaki wazi. Ndiyo sababu injini yetu ilikimbia vizuri na kuumwa ilipopunguzwa. Haikuwa uchawi, wala kabureta haikuwa imekufa.

Kwa hiyo wewe uliye mjini, ukipigiwa simu, usikimbilie wakala wa kutuma pesa. Uliza maswali matatu.

Swali la kwanza: ikikimbia ikoje? Wakikujibu kwamba mbio ni safi na ubovu uko kwenye sailensi tu, shuku jeti ndogo. Wakisema inamisi mwendo wote, polepole na mbio, shuku plagi, umeme wa koili, au maji ndani ya petroli. Wakisema inakwenda dakika kadhaa vizuri, inazima, ikipumzika inakwenda tena, waambie watazame kifuniko cha tangi. Kina skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Ikiwa imefungwa, petroli inavyotoka tangi hukosa hewa na kuanza kuyashikilia mafuta. Boti nyingi zimevutwa hadi mwaloni kwa kamba kwa sababu ya skrubu hiyo, ambayo tiba yake ni vidole viwili.

Swali la pili: ililala muda gani, na petroli inayotumika sasa ni ya lini? Petroli iliyochanganywa na oili ikipita mwezi mmoja si ya kuamini.

Swali la tatu: plagi zina rangi gani? Injini nyingi za nguvu-farasi 15 zina silinda mbili, kwa hiyo plagi mbili. Zikitolewa zote mbili zikiwa za rangi ya udongo mkavu, moto unawaka sawasawa. Moja ikiwa na rangi hiyo na nyingine ikiwa nyeusi na imelowa, silinda moja haifanyi kazi, na mtetemo wote unatoka hapo. Kijana yeyote mwenye spana ya plagi anaweza kukujibu swali hili kwa dakika tano.

Baada ya majibu hayo ndipo kazi ianze, na ianze kwa vitu rahisi. Hivi ndivyo mzee wa Nkome alivyotuongoza.

Kwanza, injini isiwashwe nje ya maji, hata kwa "kujaribu kidogo tu". Pampu yake ya maji ina mapezi ya mpira yanayopozwa na kulainishwa na maji yenyewe. Yakizunguka makavu huungua upesi sana. Iwekwe kwenye pipa lililojaa maji hadi juu ya matundu ya kunyonyea. Ikishawaka, tazama kitundu kinachotema maji. Kisipotema, zima mara moja, usafishe matope na magugumaji. Na kazi yote ifanyike penye hewa, mbali na sigara na jiko la mkaa. Kunyonya petroli kwa mdomo ni marufuku.

Pili, mafuta. Tulimimina kidogo kutoka tangini kwenye chupa nyeupe, tukaiacha itulie. Baada ya muda tukaona mstari chini: maji. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, pale pale mpira wa kunyonyea unapofika. Tangi lililoachwa nusu hukusanya unyevu wa usiku, na dumu la mwaloni lina historia yake. Tukamwaga yote, tukafuta tangi, tukaleta petroli mpya kutoka kituo cha mafuta. Tangu mwaka 2010 mafuta ya vituoni huwekwa vinasaba ili uchakachuaji ugundulike. Mafuta ya dumu la kando ya njia hayana wa kuyasemea. Tukachanganya oili ya injini za majini kwa kipimo. Injini nyingi za aina hii hutaka sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Kupima kwa macho ndiko kunakojaza plagi masizi.

Tatu, mpira wa mafuta. Kile kipira cha kupampia kwa mkono kinapaswa kuwa kigumu baada ya kubonyezwa mara kadhaa. Kikibaki laini, mahali fulani hewa inaingia. Mpira uliokaa juani hupasuka kwenye viungo, na ufa wa unene wa unywele unatosha kuitetemesha injini.

Nne, plagi. Zisafishwe kwa brashi au zibadilishwe. Mpya mbili hazilingani kabisa na bei ya kabureta, na plagi mpya hukuondolea shaka moja. Ukitaka kuona cheche, plagi yenyewe iguse chuma cha injini, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu.

Tano, ndipo kabureta. Mzee alifungua skrubu ya chini ya kibakuli. Badala ya petroli kumwagika, kilitoka kitu kama utomvu wa mwembe. Shemeji akaguna. Kabla ya kutoa skrubu ya kurekebisha sailensi, mzee aliikaza taratibu bila nguvu huku akihesabu mizunguko, akaiandika idadi kwa mkaa ubaoni, ili airudishe pale pale ilipokuwa. Akatoa jeti ndogo, akaiinua juani akachungulia. Giza tupu.

Hapa sikiliza vizuri. Mafundi wengi huchukua waya wa breki ya baiskeli na kuchokonoa. Shaba ni laini. Waya wa chuma hulipanua tundu, na jeti iliyopanuliwa haitapima tena mafuta sawasawa. Mzee aliiloweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, inayouzwa maduka ya spea, akalipitisha tundu kwa uzi mwembamba wa nailoni uliokatwa kwenye nyavu, kisha tukaenda kwa fundi pancha kuipuliza kwa upepo wa mashine. Boya dogo na mipira ya ndani vilitolewa kwanza, kwa sababu dawa ile huvila. Tulipochungulia tena tukaona nukta ya mwanga, ndogo kama nyota.

Tukarudisha kila kitu, na ile skrubu ya mzunguko aliyoikaza fundi wa kwanza ikalegezwa. Skrubu ile haitibu chochote. Inaficha ugonjwa, na inamlazimisha nahodha aingize gia injini ikiwa na kasi, jambo linalovunja meno ya gia na kuwarusha watu majini. Kwenye pipa injini ikawaka, ikanguruma, ikatulia. Tuliiacha izunguke polepole robo saa. Haikukohoa.

Ingekataa baada ya yote hayo, hapo ndipo pangekuwa mahali pa fundi mwenye vipimo, apime mgandamizo wa kila silinda, koili na gasketi. Sisemi mafundi hawana kazi. Ninachosema ni kwamba kazi yao kubwa ije baada ya zile ndogo, na anayekwambia ununue kabureta kabla ya kuifungua ya zamani mwombe kwa upole aifungue mbele yako.

Gharama yetu yote ilikuwa plagi mbili, kopo la dawa, petroli, upepo wa fundi pancha na ahsante ya mzee. Ng'ombe yuko zizini hadi leo.

Sasa kinga, maana ndiyo bora kuliko tiba. Injini itakayolala zaidi ya wiki mbili ilazwe hivi. Ikiwa bado ndani ya maji, chomoa mpira wa mafuta na uiache izunguke polepole mpaka izime yenyewe. Imekula petroli iliyokuwamo. Fungua skrubu ya kibakuli, matone ya mwisho yatoke, uifunge. Toa plagi, tia oili kidogo katika kila silinda, vuta kamba taratibu mara chache ili oili isambae, kisha rudisha plagi. Tazama oili ya gia kule chini: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na mpira wa kuzuia umechoka. Simamisha injini wima kwenye kigingi, maji yote yachuruzike. Kazi hii haichukui hata nusu saa, na haihitaji fundi.

Wewe usiye na boti usidhani mazungumzo haya yamekupita. Ile jenereta ya dukani uliyoisahau tangu umeme utulie ina kabureta ya namna hiyo hiyo. Pampu ya petroli ya kuvutia maji machimboni, ambayo huachwa kona wachimbaji wanapohamia mashimo mapya, nayo ni hivyo hivyo. Zifungie koki ya mafuta, uziache zizime zenyewe. Siku utakapozihitaji, duka likiwa gizani au shimo likijaa maji, utakumbuka.

Lakini dukani ukikosa umeme utawasha mshumaa. Ziwani, injini ikizima upepo ukiwa umeamka, hakuna cha kuwasha. Sisi wenye boti tulioko mjini hupenda kuuliza, "Leo mmepata kilo ngapi?" Kuanzia sasa mimi nimeongeza swali jingine, na shemeji ameshalizoea hata kabla sijalimaliza: "Mmeizimaje?" Na makoti ya kujiokolea tumenunua, manne, moja kwa kila mtu anayepanda boti ile. Hilo nalo tulipaswa kulifanya kabla kijana hajatumbukia.